Begi la mama watoto lilivyoniumbua

Leo sitaki kuzungumzia walevi wa mtaani wala wale mabwana wanaokopa sukari kwa jina la mke. Leo nimekuja kuungama. Nimefanya kosa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hapa hapa Izia, na aliyeniumbua si mtu. Ni begi.

Ndiyo, begi! Usicheke kwanza.

Mama watoto wangu anauza mitumba. Nguo za watoto: vigauni, suruali, masweta, kofia za kufuma. Mji wetu wa Sumbawanga umekaa juu kwenye nyanda za Ufipa, na baridi ya huku si mchezo. Ikifika Juni na Julai, mtoto asiye na sweta utamjua kwa kamasi. Kwa hiyo biashara ipo. Kila wiki anafunga mzigo, anapanda basi, anafuata minada ya vijijini, mara upande wa Laela, mara upande wa Matai. Jioni anarudi. Pesa anayorudi nayo ndiyo inayolipa ada, ndiyo inayonunua mkaa, na nikisema kweli mbele ya Mungu, hata kalamu ninayoandikia safu hii ilitoka humo.

Mzigo wenyewe anaubeba kwenye shangazi kaja. Unalijua, usijifanye wa Ulaya. Lile begi kubwa la plastiki ya kufuma, lenye mistari ya bluu, nyekundu na nyeupe, zipu juu na mikanda miwili ya kushikia. Jina lenyewe linajieleza: likionekana kwenye kona ya nyumba, watoto wanakimbia, shangazi kaja na zawadi!

Begi hili limetembea dunia nzima kuliko mabalozi. Kule Afrika Magharibi wanaliita "Ghana Must Go", yaani Ghana lazima waondoke, kwa sababu mwaka 1983 serikali ya Nigeria iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke nchini kwa muda mfupi, na Waghana kwa maelfu wakatupia maisha yao ndani ya mabegi hayo na kushika njia. Wajerumani nao waliliita sanduku la Mturuki. Halafu mwaka 2007 wakubwa wa mitindo wa Louis Vuitton kule Ufaransa wakatoa begi lao lenye mistari ile ile, kwa bei ya kununulia ng'ombe kadhaa. Maskini akibeba ni shida, tajiri akibeba ni fasheni!

Lakini shangazi kaja lina ugonjwa mmoja mkubwa. Halina mgongo. Likijaa sana linasimama kama gunia la mahindi, ukitoa nguo kumi tu linalegea, linainama, linalala chini kama mlevi wa komoni.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za kwetu zikiwa bado zinamwaga. Mama watoto alirudi mnadani saa mbili usiku, amelowa, kanga imeganda mwilini. Hakusema neno. Akalishusha begi mlangoni, akalifungua, akaanza kutoa nguo moja moja. Tope! Masweta tope, vigauni tope, kofia nyeupe zimekuwa rangi ya udongo. Alikuwa anahesabu chenji ya mteja, begi likalegea, likaangukia kwenye dimbwi mdomo ukiwa wazi, na mpita njia mmoja akalikanyaga bila kuona.

"Zilizoharibika kabisa ni za elfu arobaini na tatu," alisema. "Na Jumamosi kuna marejesho ya kikoba."

Mwenye mke wa kikoba anajua uzito wa neno "marejesho". Pale hakuna cha mvua wala cha tope. Ukikosa kulipa, wanakikundi wanakutazama kama umeiba sadaka.

Usiku ule akaniomba nimchue mgongo kwa dawa. Nilipomgusa kiunoni alishtuka kama amechomwa mwiba. Nikamuuliza, maumivu haya yameanza lini? Akajibu: "Ungeniuliza mwaka juzi ungejua."

Jibu hilo lilinikaa kooni. Nikaapa kimoyomoyo: mimi mwanaume, begi hili nitalipa mgongo.

Kumbe wazo lilikuwa limeshaingia kichwani siku chache kabla. Kijana mmoja wa jirani alinionyesha kwenye simu yake mchezo wa Wamarekani. Wanaita gofu ya visahani. Badala ya kupiga kijipira kwa fimbo, mtu anarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Mtu aliyeupa mchezo huo umbo lake la sasa ni Ed Headrick wa California, miaka ya 1970. Mimi visahani havikunishangaza. Kilichonishangaza ni mabegi. Mchezaji anatembea na begi lenye visahani kumi, kumi na tano, hata ishirini, kila kimoja na kazi yake. Na begi lisilo na mgongo likiwekwa kwenye majani yenye umande linaanguka, linalowa. Kwa hiyo wengine wanajiundia fremu nyumbani kwa mabomba na vyuma chakavu, begi linakaa juu ya miguu, mdomo wazi, mtu anachukua kisahani bila kuinama.

Nikasema, hee! Ugonjwa wa Mmarekani na ugonjwa wa mama watoto ni mmoja. Dawa ni moja.

Hapo ndipo nilipopotea.

Asubuhi ya Jumapili nilitafuta mbao. Nilikuwa na vipande vya mbao mbili kwa mbili vilivyobaki tulipoezeka jiko, pamoja na kiti kimoja kilichovunjika mguu. Nikaazima msumeno na nyundo. Begi lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, tupu, nikalipima likiwa vile vile tupu: upana, urefu, kina. Nikapiga misumari kutwa nzima. Watoto wakanishikia mbao, mmoja nikampiga nyundo ya kidole kwa bahati mbaya, akalia mpaka majirani wakachungulia. Saa kumi na moja jioni kazi ikawa tayari. Fremu ya miguu minne, imara, imepigwa randa. Nikaikalia. Haikutikisika! Nikamwita mama watoto.

"Unaonaje?"

Akaitazama. Akaizunguka. Akainyanyua kidogo, akairudisha chini taratibu.

"Asante, baba watoto," akasema. "Umefanya kazi."

Mwanaume ukiambiwa "umefanya kazi" kwa sauti ile, elewa kuna jambo. Mimi sikuelewa. Mimi nilijiona injinia.

Wiki ya kwanza akaondoka nayo. Wiki ya pili akaondoka nayo. Nikawa natembea kifua mbele, nikawaambia hata washikaji kijiweni kwamba mimi sasa nasaidia biashara ya nyumbani. Wiki ya tatu nikaenda kwa jirani yetu kuazima pampu ya baiskeli. Nikapita nyuma ya nyumba yake. Nikaona nini? Fremu yangu! Imesimamishwa bandani, juu yake wamelala kuku watatu, na jogoo amekaa palepale nilipopapiga randa kwa mkono wangu.

Msomaji, damu ilinichemka. Nilirudi nyumbani kama simba aliyenyimwa mfupa.

"Kumbe kazi yangu ni ya kuku!"

Mama watoto alikuwa anachambua maharage. Hakunyanyua uso. "Ningekwambia ungekasirika. Sikukwambia, umekasirika vilevile. Sasa baba watoto, nikuulize jambo moja tu. Ulipokuwa unaitengeneza, uliniuliza?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Uliwahi kuniuliza begi nalipeleka wapi? Nalipandishaje kwenye basi? Nikifika nalifanyaje? Hiyo fremu yako peke yake ina uzito wa mtoto. Haikunjiki. Konda aliikataa kwenye keria, halafu alipoikubali akataka nauli yake. Begi likijaa haliingii, maana ulilipima tupu. Na ikisimama inanifika magotini, nainama vilevile. Mimi nimebeba mizigo miwili badala ya mmoja."

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimetengeneza kitanda kizima cha mtu mwingine bila kuuliza analalia ubavu gani.

Nikawaza usiku kucha. Asubuhi nikamwambia: "Wiki hii naenda na wewe. Na begi nabeba mimi."

Akacheka. "Utaweza?"

Swali gani hilo kwa mwanaume!

Siku ya mnada tukaamka saa kumi alfajiri. Kabla ya kutoka tulipita kwa mnunuzi wa mahindi mwenye mizani, tukalipima begi: kilo 26. Nikajiwekea sheria ya kuhesabu kila mara litakaponyanyuliwa. Kutoka ndani hadi kwenye bodaboda, moja. Kushuka bodaboda stendi, mbili. Kumpandishia konda kwenye keria, tatu. Kushusha tulipofika, nne. Kulipeleka kwenye sehemu yake ya kuuzia, tano. Mgambo wa ushuru akaja akasema pale pana gari linapita, tusogee, sita. Mvua ikanyesha, tukakimbilia chini ya bati la duka, saba. Jua likatoka, nane. Mpaka tunarudi nyumbani lilikuwa limenyanyuliwa mara kumi na nne. Na mimi nilinyanyua tisa tu, zile tano alizichukua yeye maana mgongo wangu uligoma.

Halafu kuinama. Hilo nilikuwa silijui kabisa. Kila mteja akija anasema, "Mama, nina mtoto wa miaka minne, wa kiume." Mama watoto anainama, anachimbua begi mpaka chini, anatoa, anaonyesha. "Hii kubwa." Anainama tena. "Hii rangi siipendi." Tena. Nilianza kuhesabu, nilipofika mara 63 ilikuwa hata saa sita mchana haijafika, nikaacha. Na wakati wote huo mkono mmoja umeshika mdomo wa begi lisilale, mkono mwingine unachagua, pesa ameibana mdomoni. Pesa mdomoni, jamani! Kwa sababu begi limemnyang'anya mkono mmoja.

Nilikaa pembeni nikajionea aibu. Miaka yote nimekuwa nikipokea hela za mnada, sijawahi kuona zinavyopatikana.

Tukiwa kwenye basi la kurudi, nikawa nawaza ile methali yetu: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi tunaitumia kwa utani, lakini Wanyamwezi wa karne ya 19 walikuwa ndio wapagazi wa misafara mikubwa kati ya pwani na maziwa, na kazi ile waliijua kwa akili, nguvu peke yake isingetosha. Yule Mzungu Richard Burton, aliyepita njia hiyo kutoka pwani hadi Ujiji katika safari yake ya 1857 hadi 1859, aliandika jinsi mizigo ya nguo ilivyofungwa. Nguo zilikunjwa na kubanwa kama mto mrefu, kisha zikafungiwa vijiti pembeni ili mzigo usipinde, na vijiti vile vikawa na panda chini. Kazi ya panda? Mzigo usikae kwenye tope! Akipumzika, mpagazi hautupi chini.

Umeona? Mzigo wa nguo, tope, vijiti vya kuushikilia. Jambo lililomtoa machozi mama watoto wangu, wapagazi walishalitafutia dawa zaidi ya miaka 160 iliyopita, na hawakupelekewa na injinia. Waliobeba ndio waliofunga.

Wakorea nao wana fremu yao ya kubebea mgongoni, wanaiita jige. Miti miwili imesimama kama herufi A, na kuna fimbo moja ya pembeni. Mtu akifika anaegemeza fremu kwenye ile fimbo, inasimama yenyewe na mzigo wake. Anajipakia akiwa karibu na mzigo, anachuchumaa kidogo, anaingiza mabega, anasimama kwa nguvu za miguu. Mgongo unasalimika.

Kesho yake nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa hapa Izia. Ni mzee, mikono yake ina makovu ya cheche kuliko idadi ya nywele zangu. Nchi hii ya Ufipa ni nchi ya chuma tangu zamani, wazee wa Kifipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu, mengine yanampita mtu kimo, na mabaki yake yapo porini mpaka leo. Kwa hiyo nilijua niko mahali sahihi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwandishi. Umeleta nini?"

Nikamtolea mchoro wangu. Nilikuwa nimechora mpaka usiku wa manane, na vipimo vyote. Mzee hakuutazama hata sekunde tano.

"Begi ni la nani?"

"La mama watoto."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani."

Akanirudishia karatasi. "Kamlete. Na begi likiwa limejaa."

Basi bwana, nikarudi mkia chini. Tulipokuja wote wawili, mzee akamsalimu mama watoto kwa heshima zote, "Karibu mama," akamwomba asimame wima, akaweka kamba ya kupimia kutoka chini hadi kiunoni. Halafu akamuuliza maswali ambayo mimi mume wa ndoa sikuwahi kuyauliza. Unapanda basi gani, dogo au kubwa? Unashika begi kwa mkono gani? Unauza umesimama au umekaa? Mnadani chini ni mchanga au ni tope? Mama watoto akafunguka kama redio. Mimi kazi yangu ikawa kushika begi.

Sasa nakuandikia tulichokubaliana, ili na wewe mwenye mke, dada au mama wa mnadani ujue.

Chuma kilikuwa nondo ya milimita 8. Nondo hiyo ina uzito wa karibu gramu 400 kwa kila mita moja, kwa hiyo unaweza kujua uzito wa fremu kabla hujakata hata kipande. Mzee akakunja fremu mbili za pembe nne. Ya kwanza ina urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 60. Ya pili urefu ule ule, lakini upana 57, ili iingie ndani ya mwenzake. Ukijumlisha vyuma vyote unapata mita 5 na sentimita 94. Nondo nzima ina mita 12, sisi tulinunua nusu, ikabaki sentimita sita! Uzito wake wote haufiki kilo mbili na nusu. Ile ya mbao ilikuwa kilo nane.

Fremu hizo mbili zikaunganishwa katikati kila upande kwa boliti moja, zikawa kama mkasi, au kama miguu ya kitanda cha kukunja cha kambini. Ukifungua, vyuma viwili vya juu vinaachana, na viwili vya chini vinalala ardhini. Begi linaning'inia kati ya vile vya juu, mdomo wazi. Mikono haihitajiki kulishika.

Hapo kuna mtego. Fremu ya mkasi ukiiachia itazidi kuachana mpaka ianguke. Kwa hiyo chini tukafunga mkanda, ule wa zamani wa gari, unaozuia miguu isipanuke kupita sentimita 50. Ikiwa wazi namna hiyo, juu inafika karibu sentimita 75 kutoka ardhini. Mama watoto alijaribu kuingiza mkono ndani ya begi akiwa amesimama. Akatoa sweta. Akarudisha. Akatoa tena. Hakuinama.

Nilimwona akimeza mate. Hakusema kitu.

Kuhusu tope, vile vyuma vya chini vimelala, havikuchongoka kama miguu ya kiti, kwa hiyo havizami haraka. Mzee akavizungushia vipande vya tairi kuukuu, vikawa vipana zaidi. Kuhusu mikanda ya begi, hiyo ya plastiki haiaminiki, inakatika pale iliposhonewa. Mama watoto mwenyewe akapeleka begi kwa fundi cherehani, akashonewa mkanda mgumu unaozunguka chini ya begi na kupanda pande zote mbili, wenye vitanzi vinne vya kupachika kwenye vyuma vya juu. Uzito ukahama kwenye plastiki ukaenda kwenye mkanda.

Na konda? Hilo nalo lilijibiwa. Fremu ikikunjwa inakuwa bapa kama ubao wa kukatia nyama, inafungwa ubavuni mwa begi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Inakuwa mzigo mmoja. Mzee alichukua elfu kumi na nane, chuma na kazi. Mimi nilitaka kupunguziwa, mama watoto akanikanyaga mguu.

Wiki iliyofuata sikwenda naye. Nilibaki nyumbani nahangaika kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Aliporudi saa moja usiku, nikamwangalia kwanza miguu, halafu kanga, halafu uso.

"Imesimama?"

"Imesimama."

"Haikuanguka?"

"Imenibana kidole mara moja nilipoikunja. Na mama mmoja alidhani ni meza, akaweka ndizi zake juu." Kisha akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu mvua zianze. "Lakini pesa leo sikuiweka mdomoni."

Sitakudanganya kwamba tumetajirika. Marejesho ya Jumamosi ile ya tope tuliyakosa nusu, tukaomba radhi mbele ya kikundi, tukamalizia wiki mbili baadaye. Mgongo nao haukupona kwa siku moja. Maumivu ya miaka miwili hayaondoki kwa nondo ya nusu, na tumeshapanga akaonwe hospitali tukipata nafasi. Begi bado lina kilo 26, bado linapandishwa na kushushwa. Fremu imeondoa kuinama na imeondoa tope. Kunyanyua bado kupo, na siku za mnada nikiwa sina kazi, mimi ndiye mpagazi mpaka stendi.

Majirani wameanza kuja kuiangalia. Akina mama wawili wanaouza kandambili walitaka waazime vipimo vyetu wakatengenezewe kama hiyo. Nikaanza kuwatajia kwa majivuno, sentimita 90, sentimita 60. Mama watoto akanikatiza kutoka jikoni:

"Msimsikilize huyo! Nendeni wenyewe, na mabegi yenu yakiwa yamejaa. Hiyo imepimwa kwa kiuno changu mimi."

Nikanyamaza. Nimeshajifunza.

Baba mwenzangu unayesoma safu hii chini ya mwembe au kwenye benchi la kinyozi, leo jioni kabla hujashika nyundo ya kumsaidia mtu, muulize kwanza anauma wapi. Swali hilo halina gharama. Mimi sikuuliza, na likanigharimu mbao, misumari, kidole cha mwanangu na heshima yangu kijiweni.

Ile fremu ya mbao bado iko kwa jirani. Jana nilipita kuiangalia. Kuku mmoja ametaga chini yake mayai sita, na jirani amenipa mawili.

Angalau kuna mtu imemfaa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.